Keki Isiyo na Karoti

Shemeji yangu Cyril alirudi kutoka vitani akiwa amebaki mifupa na masharubu. Wajapani walimfunga tangu Singapore ilipoanguka, na sisi huku Bradford tulikuwa tumeshamlilia kabla ya kupata kadi yake kwamba yu hai. Mdogo wangu Muriel, mkewe, alimpokea stesheni kwa machozi. Binti yao Beryl, ambaye baba alimwacha bado anatambaa, alimpa mkono kwa adabu kama anavyompa kasisi.

"Shikamoo, bwana."

"Huyu ndiye baba," Muriel akamwambia.

"Baba yuko kwenye fremu, juu ya meko," Beryl akajibu. "Ana mashavu."

Basi ikawa bwana. Bwana, chai yako. Bwana, umemkalia mdoli wangu. Nilimkataza Muriel asimgombeze mtoto, maana neno "baba" halitolewi kwa kofi. Lakini nilimwona Cyril kila akiitwa bwana anavyomeza mate, kama mtu aliyenyweshwa dawa chungu. Miaka yote kule alikosa chakula, na sasa amefika nyumbani anakosa neno moja tu. Nilimhurumia, ingawa mimi si mwepesi wa huruma.

Vita vilikwisha ila mgao wa chakula ulibaki pale pale, na wakubwa wa London wakapunguza hata mafuta tuliyozoea. Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na kopo lake la sukari lenye jina lake. Msituone wachoyo. Sukari imegombanisha ndugu wengi kuliko urithi.

Beryl alipokaribia kutimiza miaka mitano, Cyril akatangaza, "Keki nitapika mimi."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Mwanamume huyu hata maji alikuwa akiyaunguza. "Utaipikia wapi, shemeji, kwenye kofia?"

Akagusa paji la uso. "Iko hapa."

Akatueleza kwamba kambini, njaa ilipobana, wafungwa walikaa wakisimuliana mapishi. Jamaa mmoja wa Devon aliwapa keki ya mama yake: siagi ratili nzima, mayai kumi, zabibu kavu, sukari bila kuhurumia. Waliipika kwa mdomo kila siku, huku wakibishana kweli kweli.

"Kuna mmoja alisema siagi nusu inatosha," Cyril akasema. "Tulimnunia siku nzima. Tulimwita mchoyo."

"Na hiyo ndiyo unayotaka kumpikia Beryl?"

"Nilijiapia, shemeji. Nikifika hai, mwanangu ataila."

Nikadhani ni maneno tu. Jumapili mimi, Muriel na Beryl tukaenda kanisani tukamwacha akiota moto. Tuliporudi, harufu ilitupokea tukiwa bado kwenye ngazi za nje, harufu ambayo pua yangu ilikuwa imeshaisahau. Muriel akafumba macho. Mimi nikakimbilia jikoni.

Karatasi ya siagi ilikuwa imekwanguliwa ikabaki nyeupe. Majarini hakuna. Makopo yote ya sukari matupu, hata la Beryl! Mayai aliyapata kwa jirani yetu Sugden mwenye kuku, kwa kubadilishana na viatu vipya alivyopewa na serikali. Cyril alisimama pale na soksi tu, uso umemng'aa, ameishika keki kwa mikono miwili.

"Umetupikia mgao wa wiki nzima, wa watu wanne!" nikapayuka. "Tutakula nini sasa? Masharubu yako?"

"Lakini nilipima nusu tu, shemeji," akasema, na nikaona kwamba hanidanganyi wala hanidharau. Kichwani mwake siagi ilikuwa haina mwisho.

Tukaketi. Beryl akakatiwa kipande cha kwanza, kinene, cha manjano. Akauma. Akatafuna polepole, akakitema kiganjani.

"Bwana, hii imeharibika. Ina mafuta."

"Ni siagi hiyo, mama. Ndiyo keki yenyewe."

"Keki ina karoti. Hii haina."

Msimlaumu. Tangu apate meno hakuwahi kuonja keki nyingine zaidi ya ile yetu ya karoti na mayai ya unga ya makopo, iliyoumuliwa kwa magadi na siki. Wala hakuwa na deko. Alimtazama Cyril kwa kumwonea huruma, na hilo ndilo lililouma zaidi. Cyril akachukua kile kilichotemwa kutoka kwenye kiganja cha mtoto, akakila, maana tonge haliachwi. Kisha akatoka uani, vile vile na soksi zake.

Nilikuwa na matusi mengine tayari, nikayaacha. Nikainuka nikaosha sahani iliyokuwa safi.

Wiki ile tulikula mkate mkavu na chai isiyo na sukari, na kila mlo nililitaja jambo hilo, kwa sababu ndivyo nilivyo. Cyril alikuwa akiinamisha kichwa. Beryl alitusikiliza wote wawili huku akitafuna.

Mgao mpya ulipopatikana, Jumamosi, Muriel akiwa kazini kiwandani, mimi nikajitayarisha kwenda kwenye foleni ya samaki. Beryl akaenda kusimama mbele ya kiti cha Cyril.

"Bwana, wewe hujui keki. Si kosa lako. Njoo nikuonyeshe."

"Asiguse sukari huyo!" nikasema.

"Sukari nashika mimi, mama mkubwa. Nenda tu."

Foleni ilikuwa ndefu na mvua haikuwa na adabu. Nilirudi na samaki wawili wembamba, nikakuta mlango wa nyuma umefungwa kwa ndani. Mlango huo unafungukia jikoni, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Menya nyembamba! Karoti yote imekwisha kwenye kisu! Na hayo maganda usitupe, ni ya supu."

"Ndiyo, mama."

"Sasa koroga. Siki ikishaingia hatusimami, povu litakufa."

Kijiko kikawa kinagonga bakuli, ko, ko, ko. Nikagonga mlango.

"Nani?"

"Mimi! Fungua, nimelowa!"

"Subiri, mama mkubwa!" Beryl akapaza sauti. "Mimi niko juu ya kiti, na baba ana unga mikononi!"

Kijiko kikanyamaza. Mkono wangu ulikuwa umeinuka kugonga tena, nikaushusha. Maji yaliniingia shingoni yakateremka mgongoni, nami nikasimama pale pale na samaki wangu, sikutaka hata kukohoa.

Kisha nikamsikia Beryl, kwa ukali ule ule.

"Mbona umeacha? Koroga."