Blauzi Kumi na Tatu za Indumati

Mchwa walipitia ukutani. Indumati, karani wa posta, alikuwa likizo Pune kwa miezi mitatu, akimhudumia binti yake Rashmi aliyejifungua, na nyumba yake ya Dharwad ikabaki imefungwa msimu mzima wa mvua. Siku aliporudi alifungua madirisha, akateleka chai, akaoga, ndipo akaenda kwenye kabati kutafuta sari ya kubadilisha. Mlango ulikuwa umekwama. Alipouvuta kwa nguvu, rafu ya katikati ilikatika na sari zikamporomokea miguuni pamoja na udongo.

Alichuchumaa akaanza kuzikunjua moja moja. Za pamba zilikuwa zimekwisha, zinabaki vumbi mkononi. Za hariri zilikuwa zimetobolewa kuanzia mkunjo wa juu hadi wa chini, hata ukizitandaza zinaonekana kama chekeche. Sari arobaini na mbili. Zilizosalimika ni mbili tu alizokwenda nazo Pune.

Alimpigia Rashmi simu.

"Zote, mama?"

"Zote."

"Hata ya harusi?"

"Rashmi, nikikwambia zote ni zote. Mtoto ananyonya vizuri?"

Hakulia. Alizijaza kwenye magunia, akayaburura hadi uani, akamwita fundi aje kupiga dawa ukuta. Ila usiku huo alipolala alijikuta akizihesabu kichwani, ya siku ile, ya sikukuu ile, na mumewe Mallikarjun, ambaye sasa alikuwa na miaka sita kaburini, akiingia mlangoni na mfuko wa duka kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

Kesho yake ndipo alipokumbuka blauzi. Kabla ya safari alikuwa amezipeleka kwa Kasturavva, fundi wake wa miaka yote, ili zipanuliwe, maana umri ulikuwa umemnenepesha mikono. Kibanda cha Kasturavva kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga mtama, na kila kitu kilichoshonwa humo kilitoka na harufu ya unga.

"Akka, umerudi!" fundi alisema, akimwita dada kama kawaida yake, bila kunyanyua mguu kwenye cherehani. "Nilidhani mjukuu amekuteka. Zako ziko tayari tangu mwezi wa pili wa safari yako. Kumi na tatu. Ile ya kijani nimefumua mshono mpaka mwisho, hakuna tena kitambaa cha kuongeza. Ukinenepa zaidi ya hapo, tafuta mume mwingine akununulie mpya."

Indumati alicheka, kisha akamweleza habari za mchwa. Kasturavva aliacha kushona.

"Sasa hizi utazivaa na nini?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza wewe."

"Mimi kazi yangu ni kushona, akka. Blauzi bila sari sijawahi kuulizwa."

Nyumbani alizitandaza kitandani. Sita zilikuwa za khana, kile kitambaa kizito kidogo chenye vinyota vya kufumwa ambacho wanawake wa upande ule wamekishonea blauzi tangu enzi za bibi zao. Nyekundu, ya zambarau, ya njano kama manjano ya chakula, nyeusi yenye ukingo mwekundu. Nyingine zilikuwa za hariri, moja ya pamba ya mistari yenye mikono inayofika kwenye kiwiko, moja yenye shingo pana na kamba za kufunga mgongoni ambayo aliivaa mara moja tu, kwa aibu. Alizitazama muda mrefu. Alikumbuka duka alikoonea kila kitambaa. Alikumbuka alivyobishana na Kasturavva juu ya urefu wa mkono. Sari nyingi huja na kipande chake cha blauzi, lakini Indumati hakuwa akivitumia. Alivikata vikawa foronya, na yeye akaenda kutafuta kitambaa anachokitaka mwenyewe. Mallikarjun alikuwa akimtania: "Mimi nanunua mita tano na nusu, wewe unaniharibia kwa robo tatu ya mita."

Hapo ndipo jambo lilipomjia, akakaa kitako. Sari zote arobaini na mbili alipewa. Na mumewe, na mama mkwe, na kaka zake. Hakuna hata moja aliyoichagua yeye. Blauzi, zote alichagua yeye.

Jumapili wifi yake Kamalakshi, dada mkubwa wa marehemu, alikuja na begi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa, na aliingia akiongea.

"Nimekuletea nne. Usinishukuru. Hii ya rangi ya samli nimeivaa mara mbili tu. Posta huwezi kwenda na sari mbili kama mtawa."

"Akka, nashukuru, lakini acha kwanza."

"Acha nini?"

"Nataka kujaribu blauzi zangu na vitu vingine. Sketi. Rashmi ameacha nguo zake hapa."

Kamalakshi aliketi polepole. "Indu. Una miaka hamsini na sita."

"Ndiyo, akka."

"Unakaa dirishani. Mji mzima unakuona kuanzia kifuani kwenda juu."

"Basi wataona blauzi tu," Indumati akasema, "na blauzi ni zile zile."

Kamalakshi hakucheka. Aliacha begi pale pale kwenye kiti akaenda zake.

Jumatatu Indumati alivaa ile khana nyekundu na sketi ndefu nyeusi ya Rashmi, aliyoipandisha mpaka kwenye mbavu ili tumbo lisionekane. Alijitazama kwenye kioo akaona kuna kitu kimepungua. Bega la kushoto, lililozoea kubeba sari zaidi ya miaka thelathini, lilikuwa tupu. Alifungua sanduku la mumewe akatoa shati jeupe la pamba, akalivaa juu bila kufunga vifungo, mikono ameikunja. Nyekundu ikachungulia katikati. Aligeuka kushoto, akageuka kulia. Kisha akatoka haraka kabla hajabadili nia.

Vittal, mpanga barua pale posta, ndiye aliyemwona kwanza. Alisimama wima akapiga saluti.

"Karibu, bibi mkaguzi! Umetumwa kutoka makao makuu Bengaluru?"

"Nimetumwa kuangalia nani anachelewa. Umefika saa ngapi?"

Ofisi nzima ikacheka, na baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Si kwa wote. Mama mmoja mwenye kitabu cha akiba alimkodolea macho tangu mwanzo wa foleni mpaka mwisho, na alipofika dirishani akauliza, "Sari imelowa?" Indumati akajibu kwamba imeliwa. Yule mama akachukua kitabu chake. Msichana wa chuo aliyekuja kutuma vitabu naye aliuliza shati amelinunua wapi. "La mume wangu," Indumati alisema, akaviweka vitabu kwenye mizani.

Wiki zilizofuata alijifunza kwa kukosea. Blauzi ya hariri yenye uzi wa dhahabu aliivaa na jinzi, na kufika saa sita mchana makwapa yalikuwa yanamuwasha, na kila alipoinama kuchukua kifurushi mgongo ulikuwa nje. Kasturavva alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwekea bitana ya pamba na ukanda wa vidole vinne chini. Ile ya mistari ilikaa vizuri na suruali pana ya kitani. Ile nyeusi alivaa chini ya gauni lisilo na mikono, na ikaonekana kana kwamba vilishonwa pamoja. Aligundua kwamba blauzi yenye nakshi nyingi inataka chini pawe shwari, rangi moja tu, na kwamba ukivaa mtandio basi uache mkufu nyumbani. Asubuhi alianza kuamka mapema kidogo, kwa hamu. Hilo hakumwambia mtu.

Kisha ukaja uchumba wa Deepali, binti mdogo wa Kamalakshi.

Indumati alifikiria siku kumi. Alinunua pamba nzito ya rangi ya maziwa, Kasturavva akamshonea sketi pana yenye marinda, ya kufika kwenye kisigino. Juu akavaa ile blauzi ya kijani ya mikono mirefu, na begani akatupia mtandio mwembamba wa hariri uliokunjwa na kubanwa kwa pini kama pindo la sari. Alichomeka maua ya jasmini kichwani. Alipoingia ukumbini, Deepali alimkimbilia: "Mama Rashmi, umependeza! Geuka nikuone!" Wanawake walimgusa marinda, wakaulizia fundi. Wengine walinong'onezana. Kamalakshi alimpokea kwa sahani ya manjano na unga mwekundu kama alivyompokea kila mgeni, akampaka kwenye paji la uso, kisha akamgeukia mgeni mwingine.

Chakula kilipokwisha, Indumati akamfuata jikoni. Kamalakshi alikuwa peke yake akipanga mabaki ya mikate ya mtama.

"Akka, una hasira na mimi."

"Sina."

"Unapanga mikate iliyokwisha kupangwa."

Kamalakshi akaiacha mikate. "Wamekaa pale wanauliza, mke wa Mallu hana hata sari moja? Mdogo wangu amekufa, na mkewe anakuja kwenye shughuli ya familia na sketi. Nne nimekuletea. Hujagusa hata moja."

"Alizoninunulia yeye zimeliwa, akka. Za watu wengine sikutaka ziingie mahali pake."

"Alizonunua yeye!" Kamalakshi alicheka kicheko kikavu. "Mallu alikuwa hajui kijani wala bluu. Alivaa soksi mbili tofauti siku ya harusi yake. Unadhani nani alichagua zile sari? Kila mwaka alikuja kwangu: 'Akka, twende dukani, nisaidie.' Miaka ishirini na minane. Mimi ndiye niliyezichagua zote, Indu."

Indumati alishika ukingo wa meza.

"Zote?"

"Aliniapisha nisikwambie. Alitaka uone ni yeye."

"Ile ya zambarau yenye tausi?"

"Mimi."

"Ile ya rangi ya kutu, niliyovaa Rashmi alipomaliza shule?"

"Mimi. Nilizunguka maduka manne." Sauti yake ikapasuka. "Na umerudi umesema mchwa wamekula, ukazitia kwenye magunia, ukaanza kuvaa sketi. Hukuniambia hata njoo tuzitazame mara ya mwisho."

Miezi yote hii Indumati alidhani msiba ni wake peke yake. Alivuta kigoda akakaa, na Kamalakshi naye akakaa.

"Nisamehe, akka," alisema hatimaye. "Sikujua."

"Ungejuaje."

"Lakini ile ya tausi..."

"Imefanya nini?"

"Nilikuwa siipendi hata kidogo. Niliivaa kwa ajili yake tu."

Kamalakshi alimgeukia kwa macho makali. Kisha midomo ikamcheza. "Na yeye hakuipenda. Alisema wale tausi wanamtazama. Nikamwambia nyamaza, wewe unajua nini." Wakacheka wote wawili, Kamalakshi akijifuta machozi kwa pindo la sari yake, mpaka Deepali akaja kuuliza kama kuna mtu ameungua.

Indumati aliendelea na sketi na mashati yake. Baada ya wiki tatu alimpitia Kamalakshi nyumbani siku ya Jumamosi, akiwa amevaa ile khana ya njano na suruali ya kijivu.

"Akka, nataka kununua sari. Twende."

Kamalakshi alikuwa ameshavaa viatu kabla sentensi haijaisha. "Niliyajua haya. Nilisema utarudi."

"Sijarudi popote. Nataka moja. Na nitachagua mimi."

"Basi mimi naenda kufanya nini?"

"Kuniambia nimekosea."

Dukani walivua viatu wakakaa kwenye godoro jeupe, na muuzaji, mzee mnene mwenye kalamu sikioni, akauliza ni kwa shughuli gani. Indumati alifungua mkoba akatoa ile blauzi yenye shingo pana na kamba za mgongoni, akaitandaza mbele yake.

"Nataka sari ya kwenda na hii."

Mzee aliitazama, akaitazama tena. "Dada, watu huja na sari wakitafuta blauzi."

"Najua. Mimi nimekuja hivi."

Akaanza kutandaza. Ya chungwa, ya waridi, ya bluu yenye ukingo wa dhahabu. Kamalakshi aliikamata ile ya chungwa kwa mikono miwili. "Hii! Indu, hii isikupite!" Indumati akatikisa kichwa kwa upole, akaendelea kutazama. Karibu nusu saa ilipita. Mwishoni alinyoosha kidole kwenye rafu ya chini, kwenye sari ya pamba ya rangi ya majivu isiyo na nakshi yoyote, ukingo wake mwembamba kama uzi.

"Ile?" Kamalakshi akasema. "Ile ni kama gunia la barua."

"Ishushe, tafadhali," Indumati alimwambia muuzaji.

Aliiweka juu ya blauzi, akaitazama kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akajizungushia hapo hapo juu ya suruali, akapanga marinda kwa vidole. Kamalakshi alinung'unika, akasogea kwa magoti mpaka miguuni pake, akaanza kumvutia pindo la chini likae sawa.

"Umekosea," alisema, pini ikiwa mdomoni. "Simama vizuri."