Ufuo Uliohamia Uani

Mfua nguo alifungua mlango wa jikoni akiwa na beseni la mashuka kiunoni, akakuta ufuo uani. Ulikuwa umejilaza kuanzia kwenye kamba ya kuanikia hadi ukuta wa jirani, mchanga mweupe pe, maji yakijaa na kupwa kwa uangalifu yasije yakalowesha mkaa. Aliliweka beseni juu ya mwamba ambao jana haukuwapo.

"Mama, ule ufuo wenu umekuja."

Mama yake alizaliwa kwenye ufuo huo, kule kisiwani. Kisiwa kilipouzwa kiwe hifadhi, walihamishwa wote ili kasa wapumzike. Kasa walipumzika, pamoja na wageni waliolipia faragha. Tangu hapo mama aliomba jambo moja tu, aukanyage mchanga ule kabla hajafa, na kila mara alijibiwa kwa adabu kwamba nyayo zake zingewasumbua kasa. Nyayo zenyewe ukiziona, utadhani za mtoto wa chekechea.

"Umekonda," mama aliuambia ufuo, akavua kandambili. "Haya, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Akakaa mchangani, akalia kwa furaha bila kujificha, kisha akaomba chai.

Jirani alilalamika kwamba kaa ameingia kwenye kiatu chake cha kazini. Lakini jirani huyo hata kukicha hulalamika.

Kabla jua halijawa kali alifika meneja wa hifadhi, viatu mkononi. Hakushangaa; ufuo usipokuwapo kule kisiwani, lazima uko mahali pengine. Aliisifu chai, akamwita mama "mama yangu mzazi", akaeleza kwamba hifadhi ni ufuo, popote ulipo, na nyumba hii sasa imo ndani ya hifadhi. Vijana wake walikuwa wameshaanza kuchimbia nguzo za uzio.

"Kwa hiyo tuhame?" aliuliza mfua nguo.

"Kwa muda tu," alisema meneja. "Ule wa kudumu."

Walifungasha. Ufuo ulijikunja kidogo kupisha mkokoteni. Getini waliombwa wakung'ute miguu, mchanga usipotee, na mama akakung'uta, mmoja baada ya mwingine, akiwa ameshika bega la meneja asianguke.

"Na ufuo ukitufuata tena, mwanangu?"

Meneja alimvusha kwa upole, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Ondoa shaka, mama. Na sisi tutaufuata."