Mizunguko Minne ya Koki

Tundu la thelathini na moja liligoma. Bi Taratibu alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa bafu, kichwa cha bomba la mvua kikiwa mapajani, sindano ya kushonea mkononi. Alikuwa amekiloweka kwenye siki tangu asubuhi, na sasa alikuwa akiyazibua matundu yake yaliyojaa chokaa, moja baada ya jingine. Hapo sindano ikapinda.

"Wifi, hicho kichwa unakitibu au unakisuka?" aliuliza mke wa kaka yake, akipita na kapu la nguo. Jina la Bi Taratibu alilibuni yeye, na nyumba nzima ikalipokea, maana mwenyewe hakuwahi kufanya jambo mbiombio hata siku moja.

"Ninakisuka. Nikimaliza naanza chako, kimekaa kama kiota."

"Thubutu!"

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kesho saa mbili asubuhi fundi bomba angekuja na patasi.

Kwa wiki tatu maji ya bafuni yalikuwa yakitoka kwa kinyongo, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Fundi bomba alikuja juzi, akaugonga ukuta kwa kidole, akasikiliza, akasema kutu imeziba bomba ndani kwa ndani na ukuta lazima upasuliwe. Kabla ya kutoa uamuzi huo aliwauliza, "Koki ya nje iko wazi?" Wote watatu, yeye, kaka yake na wifi, wakamjibu kwa pamoja, "Iko wazi."

Ukuta wenyewe ndio uliokuwa shida. Kaka yake alikuwa fundi vigae kwa miaka thelathini, na ukuta ule wa vigae vya kijani, vidogo kama viganja vya mtoto, ndio uliokuwa kazi yake ya mwisho. Mwezi mmoja baada ya kuumaliza, kiharusi kiliupooza mkono wake wa kulia. Vigae vikishabanduliwa, mkono wa kuvirudisha haupo. Mwenyewe hakulalamika. Alisema tu, "Vunjeni, ukuta ni ukuta," kisha akakaa siku mbili bila kuigusa redio yake. Hilo ndilo lililomkosesha raha Bi Taratibu.

Mambo ya bomba hakufundishwa na mtu. Alikuwa karani wa bohari, na bohari ilimfunza jambo moja: kitu kikipotea, anza pale kilipoonekana mara ya mwisho, kisha fuata hatua kwa hatua. Akafanya vivyo hivyo kwa maji. Jagi la jikoni lilijaa kwa hesabu ya kumi na mbili. Jagi hilohilo, kwenye sinki la bafuni, lilijaa kwa hesabu ya sabini. Kwa hiyo tangi lilikuwa zima, na bomba kubwa nalo zima. Akakifungua kichujio cha sinki, akakisugua kwa mswaki mkuukuu; sabini ikawa sitini na nane. Yote aliyaandika kwenye daftari.

Sasa alikirudisha kichwa kwenye bakuli la siki, akalifungua bomba la mvua likiwa tupu. Maji yaliteremka ukutani kama jasho. Basi mchawi hakuwa kichwa pia.

Kati ya jikoni na bafu yalibaki mambo mawili tu: bomba lililofichwa ukutani, na koki ya nje inayopeleka maji bafuni tu, nyuma ya karo la kufulia.

Hapo akalifunga daftari. Koki ile alikuwa ameigusa. Wajukuu walipokuja likizo na kugeuza bafu uwanja wa michezo, alitoka kimyakimya akaipunguza mzunguko mmoja. Mmoja tu, na hakumwambia mtu, asije akaitwa bibi mchoyo. Wajukuu wakarudi kwao, naye akaisahau hadi fundi alipouliza. Mbele ya watu aliona haya kuutaja mzunguko mmoja.

Akachukua spana na kitambaa, akatoka. Koki ilikuwa na usukani mdogo mwekundu, umeota kutu pembeni. Akaufungua mzunguko wake, akitarajia ugote hapo. Haukugota. Akaongeza wa pili. Wa tatu. Wa nne ndipo ukagota.

Mmoja aliujua. Hii mitatu ilikuwa ya nani?

Alitaka kuita kwa sauti, akajizuia. Mwenye mzunguko wake hana mdomo wa kuwahoji wenzake.

Aliporudi bafuni alimkuta kaka yake ameegemea mlango, na wifi nyuma yake. Akaliweka jagi chini ya bomba la sinki, akahesabu kwa sauti. Lilijaa kwenye kumi na tatu.

"Umefanyaje?" wifi aliuliza.

"Nimefungua koki. Ilikuwa imefungwa mizunguko minne. Mmoja ni wangu, wakati wa likizo. Mnisamehe."

Wifi alilitazama jagi, kisha akavitazama vidole vyake vya miguu. "Mmoja na nusu ni wangu," alisema. "Siku ile walipofurisha maji hadi koridoni."

Wanawake wote wawili wakamgeukia mwenye nyumba.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Naoga kwa mkono mmoja, namaliza saa nzima. Nikaona nisiwamalizie maji. Niligeuza kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani, baba watoto?"

"Sasa mimi nitajuaje? Mkono huu wa kushoto haujui kupima."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. "Na fundi alipotuuliza tukaitika kama kwaya!"

"Kidole kimoja hakivunji chawa," kaka alisema, "lakini vitatu vimekausha bafu."

Akasogea hadi ukutani, akakilaza kiganja chake cha kushoto juu ya vigae. Akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

"Kile cha tatu kutoka chini nilikiweka kombo. Miaka miwili namwomba Mungu asikione mtu."

"Tulikiona siku ya kwanza," mkewe alisema. "Nilidhani ndio mtindo."

"Mke wangu! Haya, nipisheni nioge."

"Kichwa bado, kaka. Kumebaki matundu ishirini."

"Nitaoga bila kichwa. Na mniletee redio yangu."

Kule nje, koki iliyokurupushwa ilikuwa imeanza kudondosha maji shingoni, chini ya usukani. Bi Taratibu aliikaza nati yake robo mzunguko. Matone yakapungua, hayakukoma. Hakuongeza nguvu, maana nati nzee ukiikazania hukatika. Akatega kopo chini yake, akampigia fundi bomba.

"Kesho njoo, lakini patasi iache nyumbani. Njoo na uzi wa kuzungushia shingo ya koki."

"Koki? Si mlisema iko wazi?"

"Njoo tu mwanangu, utaelezwa."

Bafuni maji yalikuwa yakimiminika kwa kishindo, na redio ikisoma matokeo ya mpira. Alifungua daftari akaandika: *Kesho: shingo ya koki. Matundu, kuanzia la thelathini na moja.* Kisha akaenda kutafuta sindano nyingine.