Majani Mbele ya Pejo

Pejo ya Muteba ilikuwa na turbo, feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, na ilikuwa na ugonjwa mmoja: ikibeba mzigo na kupanda kilima, hewa ya turbo ilipata moto, injini ikagonga na nguvu zikaisha. Kwa hiyo, mwaka ule wa tisini na tatu, wakati Wakasai wenzake, waliokuwa wakifukuzwa Katanga, walikuwa wamelala stesheni ya Kolwezi wakingoja treni ya kuwapeleka kwa mababu wasiowajua, yeye alikuwa chini ya gari. Alikata kopo la mafuta ya kula, akalikunja liwe njia ya kupeleka upepo moja kwa moja kwenye radiator ndogo inayopoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Mkewe, Mbelu, alimchania sponji ya godoro azibe mianya. Godoro lisingeingia garini hata hivyo.

Asubuhi ya kuondoka walifunga matawi mabichi mbele, kama watu wanaokwenda msibani. Gari la msiba liliheshimiwa hata na vijana wa vizuizi waliokuwa wakiwawinda Wakasai. Muteba aliongeza matawi mengine, yaonekane kwa mbali. Watoto watatu wakabanana nyuma, safari ya Zambia ikaanza.

Kwenye kilima kabla ya Fungurume, injini ikagonga.

“Na ile kazi yako yote?” Mbelu aliuliza.

“Mama Charlotte, mi sielewi. Kila kitu iko muzima.”

“Simama.”

Mbelu alishuka akatazama. Majani yalikuwa yamefyonzwa mpaka ndani ya ile njia ya kopo, yamenyauka kama mboga ya juzi.

“Njoo uone. Umefungulia upepo mulango, kisha umeufunga na majani.”

Muteba alishika kichwa. Fundi mzima!

Mbelu alinyofoa matawi yote ya mbele, akayafunga juu ya paa na milangoni. Akamwagia radiator ile maji ya dumu, yakafuka mvuke.

“Mama, ile ni mayi yetu ya kunywa,” alisema Charlotte, binti mkubwa.

“Utakunywa Zambia.”

Kizuizini, mbele kidogo kwenye kilima kile, kijana mwenye panga alilizunguka gari.

“Musiba gani hii? Majani iko juu kama ya kuuzisha soko. Mbele hakuna kitu.”

“Mbele motoka inapumua,” Mbelu alijibu. “Ukiziba, itatufia hapa, maiti itatungoja bure.”

“Nani amekufa?”

“Tata yangu. Kalenga.”

Kalenga hakuwa baba yake; alikuwa jirani yao, mwenyeji wa Katanga, mzima wa afya. Ndiye aliyewakatia matawi alfajiri. Jina lake lilimtoka Mbelu bila kumkwaruza mahali.

“Na mbona haulie?”

Mbelu alijaribu. Aliifikiria nyumba, akalifikiria kaburi la mama yake waliloliacha Kolwezi. Ilikuwa kama kufungua bomba siku maji yamekatwa.

“Ilikwisha,” alisema.

Kijana alimtazama sana. Nyuma, mtoto mmoja alikohoa.

“Mama yangu naye alikauka hivyo, kaka alipokufa,” kijana alisema, kisha akainua mti uliofunga barabara. “Pole, mama. Mupite.”

Muteba alibadilisha gia. Pejo ilivuta kilima kizima bila kugonga.

“Unasikia?” alisema, karibu kucheka. “Imepoa kabisa!”

“Nasikia.” Na kweli Mbelu alisikia; machozi yalikuwa yamekauka, lakini masikio yake yalikuwa bado yanafanya kazi. “Usisimame Fungurume.”