Kiota Kwenye Filta

Wanza aliamka na jambo moja moyoni: leo pikapu inaondoka. Tangu amzike mumewe, Ndambuki, nyumba ilikuwa ikila kwa gari hilo, maana mwanawe Muli aliuzia watu maji ya mapipa kutoka Kyumbi. Lakini baada ya mavuno ya mwaka ule wa tisini na nane, gari likaanza kukohoa na kutapika moshi mweusi, na kwenye kilima likasimama kabisa. Fundi mmoja alilisikiliza, akatikisa kichwa: injini imekufa. Ndipo akaitwa Wambugu, mnunuzi wa magari mabovu kutoka Tala.

Alifika asubuhi na kamba ya kuvutia. Kavutha, mke wa shemeji yake Wanza, alikuwa ameshaegemea ua.

"Leo mtu wa Tala anabeba mifupa," akasema. "Si ungeizika tu kando ya mwenyewe Ndambuki?"

"Kavutha, Mungu akupe kazi," Wanza akajibu, huku akiondoa magunia juu ya gari. Kila Jumamosi aliliosha, akalifunika magunia jua lisiichubue rangi. Ndambuki hakupenda kitu chakavu.

Wambugu akainua boneti. Akafungua mkebe wa filta ya hewa, akachungulia, akaufunga.

"Bei ni ile tulisema, Mama Muli?"

Wanza alikuwa ameona jinsi mikono ile ilivyofunga upesi kuliko ilivyofungua. Hakumshtaki. Alisimama tu na gunia lake, midomo ikisogea.

"Unasema nini, mama?"

"Naongea na Baba yangu. Wewe endelea na kazi."

Wambugu akakuna kisogo. Akaitazama kamba yake, akautazama ule mkebe. Mwishowe akavua kofia.

"Kuja uone, mama. Hii sitaweza kulala nayo."

Ndani mlikuwa na kiota kilichoshindiliwa: nyuzi za gunia, maganda ya mbaazi, na vitoto vitano vya panya, vyekundu, havijafumbua macho.

"Injini haijafa. Imezibwa pua tu. Inakunywa petroli na haipati hewa." Akachukua gunia, akalinusa. "Haya yalikuwa na nini?"

"Mbaazi."

"Basi! Umewaandalia meza, ukawapa na blanketi!"

Kavutha alicheka hadi ua ukatikisika. Wanza naye akashindwa kujizuia. "Uuu! Nikidhani namheshimu mume wangu, kumbe nafuga!"

Kavutha alimwita paka wake. Wambugu akaikung'uta filta, iliyokuwa imetafunwa pembeni tu, akasema itavumilia wiki moja, kisha wanunue mpya. Akatoa kwenye mkoba kipande cha wavu wa waya wa kukaushia kahawa, akakikaza kwenye mdomo wa bomba la hewa, na kingine kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele.

"Usiweke ile neti ya mbu, wataikata kama ugali. Egesha mbali na ghala. Kama gari halitoki, fungua boneti mchana, panya hapendi kuonekana. Na filta ikaguliwe kila Jumamosi, hata kabla ya kuosha."

Muli akaitwa, akaliwasha gari, akapakia mapipa matupu, akaondoka kuelekea kilimani. Wanza hakumruhusu Wambugu aondoke na njaa. Akampakulia isyo, mahindi na maharagwe yakifuka mvuke, akafumba macho kushukuru. Akashukuru kwa mvua, na kwa mavuno. Akashukuru kwa Ndambuki. Akashukuru kwa mtu aliyeufungua mkebe mara ya pili wakati hakuna aliyemlazimisha. Akaendelea kwa wagonjwa, na kwa mchungaji, na kwa nyumba ya Wambugu ambayo hakuijua. Chakula kikaanza kupoa. Wambugu alifumbua jicho moja, akamwona mama ameinamisha kichwa upande, sikio limeelekea barabarani.

Kule kilimani injini ilinguruma, ikabadilisha gia, ikanguruma tena, kisha sauti ikateremka ng'ambo ya pili, laini, ikielekea Kyumbi.

"Amina," akasema Wanza. "Sasa kula, mwanangu."