Moyo wa Mkwe Nyuma ya Pazia

...tu-ta, tu-ta, sawasawa kabisa, na masikio ya Zubeiri, dresa, msaidizi wa daktari aliyetumikia wodini miaka kumi na miwili, hayajawahi kumdanganya, aseme tu mama mkwe ni mzima, apande meli ya mahujaji, jamaa wa Tongoni wameshamsomea dua na buibui jipya limeshashonwa, yeye yuko ukumbini, mkwe kitandani, pazia kati yao kwa heshima, na Saleha mkewe ndiye anayemshikia mama yake mpira wa kusikilizia kifuani, umevutwa hadi karibu ukatike, na mkwe, Bi Mastura, anauliza kama dresa amelala... hakulala, anasikiliza, vyumba vya juu vya moyo vimejikaza vikamwaga damu chini, sasa vya chini vinajikaza, milango ya kati inafunga, tu, damu haina njia ila mbele, kisha vinalegea, ta, vinajaa tena, na kulegea huchukua muda mrefu kuliko kujikaza, hilo lilimfurahisha sana alipofundishwa, kwamba moyo nao hupumzika katika kila pigo... lakini hapo kati ya tu na ta pana nini, Saleha anahema, au kanga inakwaruza, tu-fyuu-ta, kama mlango usiofunga, damu ikirudi juu, hapana, ni kanga, mpira umewekwa juu mno, tangu mwanzo anajua umewekwa juu mno, ncha ya moyo iko chini, chini ya... na ulimi unakwama, kwa wagonjwa wengine hulitaja neno hilo bila kupepesa macho, lakini huyu ni mama wa mkewe, akimwona mtaani Mabawa huvuka barabara wasikutane, basi aseme mzima, yaishe, kila mtu anataka hivyo, hata yeye... heshima gani hiyo, ya kumwacha mtu afie baharini?

“Saleha, shusha, weka chini ya titi la kushoto la mama.”

Masikio yake yanawaka moto, kisha sauti ya Bi Mastura, kavu: “Afadhali, mwanangu. Nilidhani utasikiliza bega mpaka magharibi.”

Tu-fyuu-ta, tu-fyuu-ta, wazi, wala si kanga, masikio yake hayamdanganyi hata leo anapotamani yamdanganye, na Saleha anauliza, tayari?

“Bado,” anasema, ingawa ameshajua, meli itaondoka na Bi Mastura atabaki, na wa kumwambia ni yeye Zubeiri, tena ataingia mle ndani amwambie usoni.