Mutobe Uliomiminwa Koridoni

Tangu asubuhi Joviale alikuwa hashikiki. Alipiga pasi blauzi iliyokwisha kupigwa pasi, akamkumbatia mama yake mwenye kikombe cha chai mkononi, nusura wote wawili waungue. Leo ndiyo leo. Chuo chake, hapo Bukavu, kilikuwa kimeanzisha masomo ya kuunganisha kemia na gestion, yaani sayansi na biashara katika digrii moja, na yeye alikuwa wa kwanza kupimwa. Akifaulu, ataendelea na yote mawili. Akishindwa, atachagua moja na kuliacha jingine, na kwake hilo lilikuwa sawa na kuambiwa achague jicho la kubaki nalo.

Papa yake, Déogratias, alimtania kwamba mshika mbili moja humponyoka. Joviale alimjibu kwamba Mungu alimpa mikono miwili, wala hakukosea hesabu.

Cha kupimwa kilikuwa mutobe, ile juisi tamu ya ndizi ambayo ukiichelewesha kidogo tu inachacha na kuwa pombe. Ndizi zilitoka Nyantende kwa shangazi yake. Maabarani alikuwa amepata namna ya kuuchemsha na kuufungia chupani ukabaki mtamu kwa majuma, bila dawa yoyote. Siku alipofungua chupa ya zamani na kukuta haijachacha, alicheza peke yake kati ya meza za maabara.

Waliomngoja ukumbini walikuwa wawili: Professeur Zagabe wa kemia, mtu asiyecheka kabla ya chakula cha mchana, na Maman Georgette wa gestion, anayecheka lakini hasamehi. Joviale alitaka mambo yapendeze. Alikuwa ameona kwenye video makampuni ya ng'ambo yanavyoonjesha wateja, glasi zimekwisha kujazwa na kupangwa kwenye sinia. Basi akamimina koridoni, akaingia na sinia, akawawekea mbele yao na kuanza kueleza.

Alieleza vizuri, asikudanganye mtu. Lakini glasi hazikuguswa. Zagabe aliisogeza yake kidogo, akairudisha. Joviale akarudia vipimo vyote upya, na bado hakuna aliyeonja. Furaha ya asubuhi ikaanza kugeuka hofu. Wasipoonja, watampa alama za nini?

"Mutoto," Maman Georgette akasema polepole, "hii mutobe ulimiminia wapi?"

"Kule mu koridoo, Maman."

Hapo akili ikamrudia, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Binti wa kabila la Washi, mzaliwa wa Bukavu, anamletea mtu kinywaji kilichomiminwa nyuma ya mlango! Hapa anayekupa hufungua mbele ya macho yako, akanywa yeye kwanza kuonyesha hakuna sumu, ndipo unapokea. Maprofesa wawili walikuwa wameona haya kumwambia, lakini kunywa hawakuthubutu.

Hakujitetea. Aliziondoa glasi zote, akaleta chupa nzima, akaifungua mbele yao, akajimiminia na kunywa mpaka tone la mwisho. Kisha akawamiminia. Zagabe alionja, akamaliza glasi yote. Joviale nusura aruke.

"Sawa," Maman Georgette akasema. "Lakini chupa ikifika Kalehe, weye hauko pale kwa kunywa mbele. Mutu ataiamini namna gani?"

"Sijue bado, Maman," Joviale akajibu. "Hiyo njo kitu nataka kusoma."

Zagabe akasema hilo ni swali la gestion, kwa sababu imani ni ya mteja. Maman Georgette akasema hapana, ni la kemia: atengeneze kizibo kitakachoonyesha kama chupa imeguswa. Huyu akasukuma, yule akarudisha, mpaka wote wawili wakageuka kumtazama mwanafunzi aliyesimama katikati yao na chupa mkononi.

"Hatuwezi kumukata mu mbili," Zagabe akasema, akinyoosha glasi yake tena. "Aendelee na yote."

Joviale alikuwa amejiandalia shukrani za Kifaransa kizuri. Zilimtoka kwa Kimashi, lugha ya kwao, kwa sauti ya kumwitia mtu ng'ambo ya bonde, na machozi juu yake.